Kaka alitaka achomwe bila ibada: naanza na karatasi gani?

SWALI

Shikamoo. Kaka yangu amefariki juzi hospitalini hapa Reading, Uingereza, akiwa na miaka 54. Hakuwa na mke wala mtoto, aliishi peke yake. Ndani ya pasipoti yake tumekuta karatasi aliyoandika kwa mkono: asisafirishwe, achomwe, pasiwe na ibada wala magari, majivu yapelekwe nyumbani Kibosho, Kilimanjaro. Wosia mwingine hakuna. Nimepigia kampuni mbili za mazishi, zote zinaongea haraka na zinataka nilipe leo leo. Sijui karatasi gani inatangulia, bei ya haki ni ipi, kama tutaruhusiwa kumwona, na nitajuaje kwamba majivu nitakayokabidhiwa ni yake kweli. Alikuwa amewekewa kifaa cha moyo kifuani. Mama ana miaka 79, yuko nyumbani. Anajua mwanawe amefariki, ila habari ya kuchomwa hajaambiwa.

JIBU

Marahaba, dada, na pole sana kwa msiba. Nafanya kazi ya mazishi hapa Uingereza mwaka wa 11 huu. Nitaanza na sentensi yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo itakayokukwamisha. Mengine yote ni makaratasi, na makaratasi yana njia yake.

Kabla maiti haijachomwa, lazima mtu mmoja ajaze na kusaini fomu ya maombi. Hapa England na Wales inaitwa Fomu namba 1 ya uchomaji. Ukurasa wa kwanza unakwenda vizuri: jina, anwani, tarehe ya kifo. Kisha yanakuja maswali mawili. Je, kuna ndugu wa karibu ambaye hajaarifiwa kuhusu mpango huu wa kuchoma? Je, kuna ndugu wa karibu aliyeupinga? Na “ndugu wa karibu” katika fomu hiyo si kama tunavyosema sisi. Ni mume au mke, mzazi, mtoto aliyetimiza miaka 16, au ndugu aliyekuwa akiishi nyumba moja na marehemu. Wewe, dada wa tumbo moja, uliyemuuguza na kumpelekea uji hospitalini, haumo. Mama aliye Kibosho yumo.

Unaweza kuomba wewe, hilo halikatazwi. Utaeleza tu kwenye fomu kwamba u dada yake na kwa nini ni wewe unayeomba. Lakini kwenye lile swali la nani hajaarifiwa huwezi kuandika “hakuna” wakati Mama hajui. Kutoa taarifa ya uongo kwa makusudi ili maiti ichomwe ni kosa la jinai, kwa sheria ya mwaka 1902 ambayo bado inafanya kazi.

Nimeshawahi kumwona mama mmoja wa Kikenya mezani kwangu, kalamu ikienda mbio, akafika hapo ikasimama. Akaniuliza, “Baba mzazi wa Nyeri naye anahesabika?” Nikamwambia anahesabika. Alitoka akakaa ndani ya gari lake dakika arobaini na simu sikioni, mimi namwona dirishani. Aliporudi macho mekundu, akaandika “wote wamearifiwa”, akasaini.

Na ile karatasi ya kaka? Iheshimuni, ila kisheria haimfungi mtu. Mahakama za hapa zilishaamua tangu mwaka 1882 kwamba mtu hawezi kuamuru kwa nguvu ya sheria mwili wake ufanyweje. Mwenye neno la kwanza ni msimamizi aliyetajwa kwenye wosia. Pasipokuwa na wosia, haki hiyo kwa kawaida inafuata mpangilio wa mirathi: mke, watoto, halafu wazazi, ndipo ndugu. Kwa hiyo Mama yuko mbele yako kotekote, kwa mila na kwa sheria ya Mwingereza.

Sasa namna ya kumwambia. Usimwambie wewe peke yako kwa simu usiku. Mtume mjomba au baba mdogo aende nyumbani, na karatasi ya kaka ipigwe picha aisome Mama mwenyewe au asomewe, maana ni mwandiko wa mwanawe. Ninyi Wachaga mna isale, lile jani la kuombana radhi. Mjomba atajua kama linahitajika. Neno la kwanza lisiwe “kuchomwa”. Kwetu neno hilo linabeba picha ya kibaka na tairi, na mama wa miaka 79 ataisikia hiyo kabla ya kusikia jingine. Aanze kwa kusema kwamba kijana anarudi nyumbani na atalala kihambani, kwenye shamba la ukoo. Kisha ndipo aeleze anarudi katika hali gani.

Kama ninyi ni Wakatoliki, Mama atauliza Kanisa linasemaje. Kanisa liliondoa katazo la kuchoma maiti mwaka 1963, ingawa bado linapendelea kuzika mwili. Waraka wa Vatikani wa mwaka 2016 ukaongeza kwamba majivu yasimwagwe wala yasitunzwe sebuleni, yawekwe mahali patakatifu. Majivu kuzikwa kwenye kaburi lililobarikiwa, basi, kunaendana na alichotaka kaka na pia na alichosema Vatikani. Paroko wenu aulizwe mapema, asije akashtukizwa siku yenyewe. (Wasomaji Waislamu, najua hili haliwahusu. Maziko yenu huku yana utaratibu wake, nitaueleza siku nyingine.)

Mama akikataa kabisa, simamisha kila kitu. Kusafirisha mwili kunagharimu maelfu ya pauni, kuna kuutia dawa, jeneza maalumu na kibali cha kuutoa nchini, lakini mlango huo uko wazi mpaka dakika ya tanuri. Baada ya hapo haupo.

Tuje kwenye karatasi. Daktari aliyemtibu anaandika cheti cha sababu ya kifo. Tangu tarehe 9 Septemba 2024 cheti hicho hupitiwa na daktari wa pili asiyehusika na matibabu, mkaguzi wa vifo, na ofisi yake itakupigia simu kukuuliza kama una dukuduku lolote kuhusu alivyotibiwa. Ukiwa nalo, liseme hapo hapo. Wakiridhika wanapeleka cheti kwa msajili moja kwa moja, nawe unatakiwa kusajili kifo ndani ya siku tano. Kusajili ni bure. Nakala ya cheti cha kifo ni pauni 12.50, chukua angalau nne: benki, mwajiri, safari, na moja ya kuweka. Angalia herufi za jina zilingane na pasipoti kabla hujaondoka mezani. Jina la “Aloyce” nimeliona likiandikwa namna tatu katika msiba mmoja.

Msajili ndiye anayetoa karatasi ya kijani inayoruhusu kuzika au kuchoma, na mara nyingi siku hizi anaituma yeye mwenyewe kwa kampuni ya mazishi. Ikiwa kifo kilikuwa cha ghafla au sababu haijulikani, jambo linakwenda kwa koroner, mchunguzi wa vifo wa serikali. Hapo kuna uwezekano wa mwili kupasuliwa, na ruhusa ya kuchoma itatoka kwake. Scotland wana utaratibu wao, usichanganye na ninayoeleza hapa.

Anachotaka kaka yako ndicho kampuni za hapa zinachokiuza kama uchomaji wa moja kwa moja: maiti inatoka mochwari, inakwenda tanurini, hakuna ibada, hakuna msafara, hakuna anayehudhuria. Bei yake inazunguka pauni 1,500, wakati mazishi ya kawaida yenye ibada yanapita 4,000. Kinachopunguza bei ni kwamba wewe huchagui siku wala saa, wala kituo cha kuchomea. Wanamchoma asubuhi na mapema nafasi inapopatikana, pengine mji ambao hujawahi kukanyaga.

Kampuni zote zinalazimika tangu Septemba 2021 kubandika orodha ya bei dirishani na kwenye tovuti, kwa mpangilio mmoja ili watu walinganishe. Isome. Kisha uliza kwa maandishi yasiyosemwa kwenye tangazo: kumchukua usiku au mwisho wa wiki, mtu mzito, kutoa kifaa cha moyo, kuleta majivu mpaka mlangoni. Ukiona kwenye hesabu pauni 82 za “daktari”, zikatae. Ada hiyo ya fomu ya daktari kwa England na Wales ilikufa siku ile ile ya Septemba 2024. Na uliza mwili utalala wapi siku zote hizo. Kampuni inayojibu bila kusita jina la jengo na mji, hiyo naiamini kuliko yenye picha nzuri za maua. Kama unapokea Universal Credit au msaada mwingine wa aina hiyo, ipo pesa ya serikali ya kusaidia mazishi. Dirisha linafungwa miezi sita baada ya mazishi.

Wanaotaka ulipe leo wana haraka yao, si yako. Mochwari ya hospitali haimtoi mtu nje kesho, na kwa kawaida hutozwi kwa siku hizo.

Kumwona: nenda sasa. Piga simu ofisi ya wafiwa ya hospitali, upange saa. Ukishamkabidhi kwa kampuni ya uchomaji wa moja kwa moja, kwa kawaida hamwonani tena, hawamvalishi na hawamwandai kwa kutazamwa. Hapo hospitalini ndipo umvue pete na rozari kama unataka kubaki nazo, kwa sababu kinachoingia tanurini hakirudi. Nyongeza ya pauni mia chache inaweza kuwapa watu wachache nafasi ya kusimama na jeneza dakika kumi na tano hivi; baadhi ya kampuni wanayo, lazima uulize. Mimi binafsi nawashauri watu wetu waichukue. Kaka alisema hataki ibada, hakusema ndugu zake wasimame mbali. Lakini hilo mtaamua ninyi.

Kifaa cha moyo si jambo dogo. Betri yake hulipuka kwenye moto na imeshawahi kuharibu matanuri. Siku hizi cheti cha daktari kinakitaja na taarifa inahamia kwenye karatasi ya kijani, ila wewe kitaje tena kwa mdomo kwa kampuni. Kinatolewa kwa mkato mdogo, mwili unabaki salama.

Sasa swali ulilouliza kwa woga, na kila mtu huliuliza kwa woga: majivu ni yake? Jeneza lina kibao cha jina. Kituoni kibao kinalinganishwa na karatasi kabla ya chochote, halafu kadi yenye jina na namba inaandamana naye kila hatua. Inakaa mlangoni mwa tanuri akiwa ndani, inahamia kwenye trei ya kupozea, inaishia kwenye lebo ya chombo. Tanuri linaingia jeneza moja, na halipokei la pili mpaka lisafishwe. Ndani ni nyuzi joto 800 hadi 1,000, na inachukua kama saa moja na nusu. Kinachobaki si majivu kama ya kuni. Ni mifupa mikavu, myeupe. Vyuma kama misumari na nyonga ya bandia vinaondolewa kwa sumaku na kwa mkono, kisha mifupa inasagwa kwenye mashine. Unachopewa kinafanana na mchanga mweupe wa kijivu wenye chenga ndogo, kilo mbili hadi tatu kwa mtu mzima. Ni mzito kuliko watu wanavyotarajia. Mara ya kwanza watu hushika kwa mkono mmoja, halafu wanaongeza wa pili.

Kwenye fomu yako andika wazi kwamba majivu utayachukua wewe. Usiache nafasi hiyo tupu, kwani kituo kina haki ya kuuliza yafanyweje na ukinyamaza sana kinaweza kuyamwaga bustanini kwake.

Safari: chombo kiwe cha mbao, plastiki au karatasi ngumu, kisiwe cha chuma wala cha udongo mzito, kwa sababu mashine ya uwanja wa ndege lazima ione ndani na wakaguzi hawafungui. Beba mkononi, usikitie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Pamoja nacho chukua cheti cha kuchomwa kutoka kituoni, cheti cha kifo, na pasipoti ya marehemu. Piga simu shirika la ndege kabla ya kukata tiketi, na ubalozi wa Tanzania London wakuambie wanataka nini ukifika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Jibu la ubalozi ulipate kwa barua pepe, ulichapishe.

Na waambie mapema vijana watakaochimba. Nimesikia zaidi ya mara moja watu wamechimba kaburi la futi sita, halafu dada anashuka kwenye gari na kifurushi cha kushika mkononi, kila mtu anatazama chini. Shimo la kina cha mkono mmoja linatosha. Mama akitaka sanduku la mbao ili watu wapate cha kubeba, seremala wa hapo hapo atalipiga kwa nusu siku. Pima chombo urefu na upana ukiwa bado Reading, umtumie mjomba vipimo.