Mwanangu, huo weupe kwenye meno ya mtoto sio maji ya Arusha

Mwanangu,

Picha nimeziona zote tatu, na ile sauti uliyorekodi nimeisikiliza mara mbili maana mara ya kwanza mume wangu mdogo alikuwa anapiga kelele nyuma nikaishia kucheka tu. Unaniuliza hizo alama nyeupe kwenye meno yake ya mbele ya juu ni maji ya Arusha kama yaliyoharibu meno yangu, au ndo yanaanza kuoza, na kama yanaoza mbona mtoto halii wala hasemi panauma. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nataka ubaki nayo kwenye simu, tukiongea utaitikia sawa mama, sawa mama, halafu kazi zikikushika umesahau.

Nianze na hilo la kuuma kwa sababu ndilo lililonikamata mimi. Jino likianza kuoza haliumi. Lile gamba gumu la juu halina mishipa ya fahamu, kwahiyo linaweza kuliwa miezi na miezi mtoto anacheza anakula kama kawaida, siku akilia ujue uozo umeshalitoboa gamba umeingia ndani. Wewe ulikuwa na miaka minne, gego la chini kushoto lilikuwa na kitundu cheusi nikakiona kwa macho yangu, nikasema la utoto hilo litang'oka lenyewe. Bibi yako akasema ni mdudu wa jino, tukaweka karafuu, ukanyamaza, na mimi nikaona yameisha. Ukaja kuamka usiku mmoja shavu limevimba, kwenye fizi pametokea kipele cha usaha, nikakupakata mpaka asubuhi. Likang'olewa. Sasa gego lile la utoto linatakiwa likae mpaka mtoto ana miaka 10 au hata 12, ndilo linaloshika nafasi ya jino la ukubwani, likitoka mapema wenzake wanasogea pengo linabana. Ndo maana jino lako pale limekaa upande, na ukicheka sana naona unavyopeleka mkono mdomoni. Sikuwahi kukwambia sababu yake, nakwambia leo.

Haya sasa weupe wenyewe. Mimi nimekulia Usa River huko Arusha, maji yake yana madini mengi ya floraidi, unajua meno yangu yalivyo, kwahiyo alama za floraidi nazijua kwenye kioo kila siku. Zile zinakuja pande mbili zikifanana, jino la kulia kama mwenzake wa kushoto, zimesambaa kama wingu au mistari inayokata jino kwa upana, na jino linachomoza kwenye fizi likiwa hivyohivyo tayari. Tena zinapiga zaidi meno ya ukubwani, kwa sababu ndo yanayotengenezwa wakati mtoto anakunywa yale maji, haya ya mbele ya utoto sehemu kubwa yanatengenezwa akiwa bado tumboni. Weupe wa kuoza unakaa kwingine kabisa, pale jino linapokutana na fizi, mstari kama wa chaki unaofuata ukingo wa fizi, umefubaa haung'ai, na zamani haukuwepo. Nimerudi kwenye picha za siku alipotimiza mwaka, meno yale mawili ya juu yalikuwa yanang'aa mpaka kwenye fizi. Na kwenye picha yako ya tatu meno ya chini ni masafi, hiyo ndo imenimalizia shaka yote kwamba ni kuoza, kwa sababu mtoto akinyonya chupa ulimi unayafunika ya chini na mate yanayaosha, ya juu ndo yanaogelea kwenye maziwa.

Kwahiyo mwanangu ni chupa ya usiku. Usione nakulaumu, unarudi kazini umechoka na mtoto bila chupa halali, najua. Lakini mtu akilala mate yanapungua, yale maziwa ya sukari yanabaki kwenye meno na vijidudu vinageuza sukari kuwa asidi usiku kucha. Na mchana sio wingi wa sukari tu, ni mara ngapi, juisi anayonywa kidogokidogo kutoka asubuhi mpaka jioni inaharibu kuliko soda aliyomaliza mara moja pamoja na chakula. Mwambie na dada hapo nyumbani, amzoeshe maji.

Fanya hivi kesho asubuhi kukiwa na mwanga. Mlaze kichwa kwenye mapaja yako, inua mdomo wa juu mpaka uone fizi, halafu futa meno kwa kitambaa safi kikavu na usubiri kidogo, maana jino likiwa na mate ule weupe unajificha, likikauka ndo unatokea. Ukiona bado ni nyeupe na hapajabonyea, basi tumewahi, hapo jino linaweza kurudishiwa madini yake likakomaa tena. Ikishageuka manjano au kahawia na panaonekana pamelika, inakimbia haraka sana kwa meno ya utoto kwa sababu gamba lake ni jembamba, na tundu likishatokea hakuna mswaki wala karafuu itakayoliziba, ni daktari tu. Usichokonoe kwa kijiti!

Mswaki mara mbili kwa siku, wa usiku ndo wa mwisho kabisa, baada yake maji tu. Dawa ya mswaki iwe yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele, na umswakie wewe, asijiswakie mwenyewe. Najua utasema mama floraidi si ndo iliyokuharibu wewe? Mimi niliimeza kwenye maji kila siku utoto mzima, hii inapakwa juu ya jino kidogo tu, ni vitu viwili tofauti. Lakini maji ya hapo kwenu uliza yakoje, kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na usidanganyike kwamba ukichemsha inatoka, haitoki, maji yakipungua sufuriani ndo inakolea zaidi. Magadi kwenye maharage yake pia acha, yale ya huko yana floraidi nyingi.

Chupa usimkatie siku moja atalia mpaka majirani waje, anza kupunguza sukari, halafu ongeza maji kila siku mpaka ibaki maji matupu, wiki mbili hivi utakuwa umemaliza.

Na kwa daktari wa meno mpeleke wiki hii hii, mimi nimeangalia picha tu na daktari ataona nisivyoviona, mwambie unataka aangaliwe na apakwe dawa ya floraidi, usikubali kuambiwa subiri ya utoto hayo. Nauli na hela ya daktari nakutumia leo jioni.

Halafu hujanipigia picha ya magego. Mulika na tochi ya simu, yale mafereji ya juu ya gego, pale linapotafunia, pakiwa na weusi, au chakula kinang'ang'ania palepale kila siku, nitumie kabla hujalala.

Mama