Jioni za Unguja: mnauliza, tunajibu

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu Unguja na karibu wote mnauliza kitu kimoja, jua likishazama mtu anafanya nini kule. Mimi nimekulia Mji Mkongwe kwahiyo majibu haya natoa moyoni kabisa.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tunatoka Dodoma, tunakuja siku tatu mwezi wa nane. Yeye anataka muziki mpaka asubuhi, mimi nataka nikae tu nipigwe na upepo nile vizuri. Tukae mjini au Nungwi? Kila siku ni ubishi ndani ya nyumba.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Gaweni tu, usiku wa kwanza wako wa pili wake, wa tatu mtaamua mkifika. Wako mkae Mji Mkongwe, na tafadhali msisubiri saa tatu ndo mtoke, Forodhani, ile bustani ya mbele ya bahari, mfike saa kumi na mbili kasoro hivi jua halijazama. Pale mbele inatazama magharibi, na kama maji yamejaa mtawakuta vijana wanakimbia toka mbali wanajirusha ukutani, mmoja kichwa chini mwingine anajipindua hewani, watu wanapiga makofi, hakuna kiingilio. Giza likiingia taa zinawashwa kwenye meza za chakula na moshi unaanza.

Sasa hapa kwenye kula sikiliza vizuri. Wauzaji watakuita kila mmoja, ile mishikaki ya kamba na pweza iliyopangwa vizuri mingi inakuwa imeshaiva zamani, anakupashia tu moto, kwahiyo muulize bei ya mshikaki mmoja mmoja KABLA hajaweka kitu kwenye sahani na nenda kwa yule mwenye foleni ya wenyeji. Mimi roho yangu iko kwenye vitu vinavyotengenezwa mbele ya macho yako. Zanzibar pizza kwa mfano, anachukua donge la unga anautandaza kwa mkono mpaka unakuwa mwembamba unaona upande wa pili, anaweka kima, kitunguu, pilipili hoho, anavunja yai juu yake, anakunja pembe nne inakuwa kibahasha, afu kwenye chuma chenye mafuta inaanza kulia. Ule ya moto hivyohivyo. Shushia na juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Urojo nao, ule mchuzi wetu mzito wa uchachu, usiuache, mwambie apunguze pilipili kama hujazoea.

Mkishakula kamalizieni kahawa chungu na kashata Jaws Corner, kijiwe cha kahawa hapohapo Mji Mkongwe, wazee wako pale na magazeti na dhumna, siasa za dunia nzima zinajadiliwa kwenye baraza ile. Hiyo ndo starehe ya mji wetu, kukaa na kuongea, na mtu asiyeipata hiyo naona hajalala Unguja.

Usiku wa mumeo nendeni Nungwi au Kendwa, kule kaskazini kwenye fukwe, ni zaidi ya saa moja kwa gari kwahiyo lalieni hukohuko msirudi usiku. Baa ziko mchangani, na Kendwa kila mwezi, siku za karibu na mwezi mpevu, kuna pati kubwa sana ya ufukweni, angalieni kalenda. Ila msitembee kwa miguu ufukweni kati ya Kendwa na Nungwi usiku, maji yakijaa njia inakufa.

SWALI: Nimeambiwa jua likizama Paje ni pazuri kwa picha. Kweli?

JIBU: Hapana ndugu yangu, aliyekwambia kakudanganya. Paje na Jambiani ziko mashariki, jua linachomoza baharini na kuzama nyuma yako kwenye minazi. Amka alfajiri upige picha, na maji yakitoka mbali utawaona kina mama wanaolima mwani wanatembea kule kwenye mchanga uliobaki. Picha ya magharibi ifuate Forodhani, Kendwa au Nungwi.

SWALI: Naipenda sana taarab, ile ya zamani ya vyombo vingi sio ya kinanda kimoja. Bado ipo?

JIBU: Ipo jamani, na nafurahi kupata swali hili kuliko yote. Kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa 1905 na mpaka leo kipo, kingine Culture Musical Club nacho ni cha tangu 1958. Ukifika mjini ulizia mazoezi yao yanafanyika lini, au hoteli gani ina taarab wiki hiyo. Unasikia ganuni, udi, fidla na akodiani pamoja, mwili unasisimka wenyewe. Ukibahatika kwenye harusi ndo utaona yenyewe hasa, mama anainuka na noti yake mkononi, anakwenda taratiibu kwa madaha, hana haraka hata kidogo, beti ikigusa anamtunza muimbaji huku anamtazama mtu fulani upande wa pili na ukumbi mzima umeshaelewa. Ukija mwezi wa pili kuna Sauti za Busara Ngome Kongwe, tamasha hili limeanza 2004, pale unapata taarab na muziki wa Afrika nzima chini ya nyota.

SWALI: Mimi ni mdada nasafiri peke yangu. Naweza kukaa nje usiku? Na nikija Ramadhani nitakuta mji umelala?

JIBU: Unaweza, Forodhani familia zinakuwepo na watoto wadogo. Shida ni baada ya hapo, vichochoro vya Mji Mkongwe vikishakuwa vitupu usipite peke yako na simu mkononi, chukua teksi mliyokubaliana bei au uliza nyumba unayolala wakupe mtu wanayemjua. Mabega na magoti yafunike ukiwa mjini, kanga moja kwenye mkoba inatosha, nguo za kuogelea mwisho wake ufukweni. Hii sio kukubania, watu wanaishi pale na wazee wao na misikiti yao.

Ramadhani mchana ndo kumelala, migahawa mingi inafungwa na kula barabarani hapana, hata maji kunywa ndani. Muziki wa pati unapungua sana. Ila usiku ni mwingine kabisa, watu wakishafuturu na kutoka tarawehe mji unafunguka, maduka wazi, watoto wanacheza mpaka usiku mkubwa, unakaa unakula mpaka karibu na daku. Kama unataka pombe na disko badilisha tarehe. Kama unataka kula na kukaa na watu njoo, na ukikaribishwa futari usikatae, nenda na tende.