Kutembea Ulaya na watoto wadogo: jibu kwa dada wa Moshi

Dada yangu wa Moshi, umesema shemeji yuko Münster anasoma, viza zenu za kuungana naye zimetoka, unamfuata na watoto wawili, wa miaka 3 na wa miaka 7, na mama mkwe anasema kuwatembeza watoto wadogo Ulaya ni kuchoma hela maana hawatakumbuka kitu, bora msubiri wakue. Mimi nasema msisubiri. Tuliishi Enschede, Uholanzi, pale mpakani kabisa na huko unakoenda, mume wangu akisoma mambo ya ramani na ardhi, watoto wetu walikuwa rika hilo hilo, sasa tumerudi tuko Njiro hapa Arusha na huyu mkubwa mpaka leo anawasimulia wenzake shuleni vitu alivyoviona huko. Wa miaka 3 kweli atasahau jina la mji, lakini nyie wazazi hamtasahau, na muda wenyewe wa kuishi kule huwa una mwisho, shemeji akishamaliza masomo mnarudi, na ukirudi nyumbani ukaanza kutafuta viza ya utalii na nauli ya watu wanne kutoka uwanja wa ndege wa KIA ndo utaona ulichokiacha.

Jambo ambalo ningependa ulishike ni hili: mji mmoja kwa safari moja, na kitu kimoja kwa siku. Najua presha ilivyo, ndugu wanataka picha, unaona watu wanapanga Paris, Brussels, Amsterdam na Roma ndani ya wiki moja, mtu anashinda kwenye mabasi na mabegi, watoto wanalia, baba na mama wamenuniana. Mtoto mdogo ana nguvu ya kuangalia kitu kimoja asubuhi, baada ya hapo anataka kukimbia. Kwa hiyo asubuhi mnaenda makumbusho au mnara au ngome, mchana mnatafuta kiwanja cha bembea, na huko viko kila mtaa, safi na bure, mnakula mlichobeba, mdogo analala, jioni mnatembea taratibu kurudi. Siku ya namna hiyo hata nyie wakubwa mnaifurahia, na kesho yake mtoto anaamka anauliza leo tunaenda wapi.

Makaratasi kwanza, maana hapo ndo watu wanaumia. Ukiwa na viza ya muda mrefu ya Ujerumani au ile kadi ya ukaazi, pamoja na pasipoti ambayo haijaisha, unaruhusiwa kutembea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180 bila kuomba viza nyingine. Uswisi na Norway haziko Umoja wa Ulaya lakini zipo Schengen, kwa hiyo mnaingia. Kila mtoto lazima awe na pasipoti yake na kibali chake, na mbebe vile halisi, siyo picha kwenye simu, kwa sababu tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, polisi wanapanda ndani ya treni na watu wa rangi yetu huwa hawarukwi. Kama shemeji ana mitihani na unasafiri peke yako na watoto, beba barua aliyosaini kwamba anaridhia, na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Na ukipanda hizi ndege za bei rahisi, mashirika mengine yanataka mwenye pasipoti isiyo ya Ulaya apite dawati lao la kukagua nyaraka kabla hajaenda kwenye ukaguzi wa usalama, hata kama tiketi iko kwenye simu. Pita hapo mapema, usisubiri mlangoni.

Halafu huyo wa miaka 7 atakuwa kwenye shule ya lazima. Kule huwezi kumtoa mtoto shule siku ya Alhamisi eti mnawahi tiketi rahisi, ruhusa haitoki kwa sababu hiyo na kuna faini. Safari zote mnazipanga ndani ya likizo, na tarehe za likizo zinatofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hiyo angalia za jimbo lenu, Nordrhein-Westfalen, siyo za rafiki yako anayeishi Bayern.

Usafiri, mimi ni mtu wa treni. Mtoto anaweza kusimama, kuna choo, kuna dirisha, na mnashukia katikati ya mji badala ya uwanja wa ndege ulioko porini. Ndani ya Ujerumani mtoto chini ya miaka 6 hahitaji tiketi, na wa miaka 6 mpaka 14 akiwa na mzazi wake kwenye treni za masafa marefu anasafiri bure, ila lazima umhesabu wakati unakata tiketi yako ili aandikwe humo, ukishapanda imekula kwako. Lipia pia siti, ni hela kidogo, maana tiketi peke yake haikupi siti na likizo treni zinajaa, na wakati wa kubuku uliza kile chumba cha wenye watoto wadogo, treni nyingi za kasi wanacho. Kwa matembezi ya karibu kuna tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, ilianza na euro 49 mwaka 2023 sasa imefika 63, inakubali treni za mikoa, mabasi na tramu ila siyo treni za kasi. Ukiwa nayo Jumamosi moja wapeleke Altena, kuna ngome ya kweli juu ya kilima, na ndiyo ngome ambayo hosteli ya kwanza ya vijana duniani ilianzia, 1912. Hizo hosteli ndo malazi niliyoyapenda kuliko hoteli, mnapata chumba cha familia chenye vitanda vya ghorofa, kifungua kinywa kipo, watoto wengine wapo wa kucheza nao. Unakata kadi ya uanachama ya familia basi.

Sasa Berlin. Hii ndiyo safari ninayotaka uifanye kabla ya nyingine zote, na sababu yake iko Lindi. Kuna makumbusho ya viumbe inaitwa Museum für Naturkunde, mkiingia tu ukumbi mkubwa amesimama yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa kule Lindi, ambaye wabunge wetu kila baada ya muda wanamuulizia. Kutoka chini mpaka kichwani ni mita 13.27, hakuna dinosaria mwingine aliyesimamishwa duniani mrefu kumpita. Watoto wako wamezoea kuona twiga, sasa fikiria twiga dume wawili, mmoja amesimama juu ya mwingine, na bado hawamfikii. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Na wenzake wa Tendaguru wapo humo humo, yule mwenye miiba mgongoni na wengine wadogo.

Usiwaache watoto waangalie tu ukubwa. Waambie ile mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 wakati Mjerumani anatutawala, ni zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa, na haikutoka porini kwa gari, ilibebwa vichwani na mabegani na watu wa kusini, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi ndo ikapakiwa melini. Waliochimba walikuwa mamia ya Watanganyika, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyekuwa na ujuzi mkubwa wa kutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Mwanangu aliposikia hivyo alibadilika kabisa, akaanza kuwaambia watoto wa Kizungu waliosimama pale kwamba huyu ni wa kwetu, kwa Kidachi chake, na wale watoto wakawa wanamuuliza maswali yeye badala ya kusoma ubao. Nilijisikia vizuri siwezi kueleza. Mtoto wetu akiwa ugenini anazoea kuwa yule mgeni anayejifunza vya wenzake, pale kwa muda mfupi yeye ndo alikuwa mwenyeji.

Atakuuliza pia kwa nini hawarudishi. Mjibu ukweli kwa kiasi cha umri wake. Kama kwenu ni Old Moshi nadhani unaijua habari ya Mangi Meli, chifu wa huko, Wajerumani walimnyonga mwaka 1900 na ukoo wake umekuwa ukitafuta kichwa chake kwa miaka mingi, kwa hiyo kwa familia yenu maongezi hayo yanaweza kuwa mazito kuliko ya kwetu. Mimi sioni kama ni sababu ya kukwepa, naona bora mtoto aisikie kwa mama yake akiwa amemshika mkono kuliko akutane nayo peke yake ukubwani.

Makumbusho hiyo Jumatatu inafungwa, kumbuka. Siku inayofuata mnaweza kupanda treni ya mjini mpaka Potsdam, ile bustani kubwa ya Sanssouci kuingia ni bure na wanakimbia mpaka wachoke. Mwishoni kabisa kuna jumba la Neues Palais, na Hans Meyer, yule Mjerumani aliyepanda Kilimanjaro, alipotoka Kibo mwaka 1889 alimpelekea Kaisari Wilhelm II jiwe la kileleni, likapachikwa kwenye ukuta wa ukumbi uliopambwa kwa makombe ya baharini humo. Mwaka huo huo ndo Paris walifungua mnara wa Eiffel. Huyo wa miaka 7 mpe hesabu: mnara ni mita 330, mlima wenu mita 5,895, minara mingapi mpaka kileleni? Atakaa kimya njia nzima anapiga mahesabu.

Paris yenyewe kila mtu ataitaka, nendeni, ila acheni kigari cha mtoto nyumbani. Metro yao ni ya zamani, ngazi juu ngazi chini, vituo vingi havina lifti. Mimi mdogo nilimbeba mgongoni kwa khanga kama ninavyombeba Arusha, mikono iko huru, akichoka analala hapo hapo, na Wazungu wakikuangalia waangalie tu. Mabasi ni mazuri zaidi kuliko metro kwa familia, mnaona mji. Kupanda mnara unabuku mtandaoni mapema sana, na ngazi za kwenda ghorofa ya pili ni 674 kwa hiyo na mtoto wa miaka 3 chukueni lifti, au simameni Trocadéro ng'ambo ya mto mnauona wote bila kulipa. Makumbusho ya Louvre watoto chini ya miaka 18 bure, Jumanne imefungwa, chagueni kona moja tu ya Misri mtoke.

Uholanzi ni jirani yenu, nendeni hata kwa wikiendi. Amsterdam, nyuma ya stesheni kuu kuna vivuko vya bure kuvuka maji ya IJ, watoto wetu walikuwa wanataka kwenda na kurudi tu bila kushuka. Kuna NEMO, makumbusho ya sayansi ya kushika kila kitu, jengo kama meli ya kijani, na paa lake mnapanda bure. Leiden kuna Naturalis, humo yupo Trix, dinosaria aina ya T. rex aliyechimbwa Montana, Marekani, mwaka 2013, mifupa yake mingi ni halisi. Zuu binafsi siwezi kukushauri ulipie, mtoto wa Moshi aliyeona tembo Tarangire akiwa huru na familia yake hana cha kumwangalia nyuma ya kioo, labda kama anataka sana pengwini.

Chakula, beba. Chapati, mayai ya kuchemsha, matunda, maji ya bomba ni salama kujaza chupa. Jumapili Ujerumani maduka yamefungwa, nunua Jumamosi, ukisahau yale ya ndani ya stesheni kubwa huwa wazi. Tembea na sarafu za choo, stesheni mnalipa.

Umeuliza mwisho kuhusu dada yako wa London, kama mnaweza kumtembelea Pasaka kwa ile treni inayopita chini ya bahari. Kibali cha Ujerumani hakiwaingizi Uingereza, na ile treni wanakagua viza ya Uingereza kabla hamjapanda, siyo mkifika. Kila mmoja wenu anaomba viza yake na analipa ada yake, watoto pia, halafu inachukua wiki kadhaa. Ningekuwa wewe Pasaka hii ningemwambia dada yeye ndo aje Münster kama ana pasipoti ya Uingereza, haihitaji viza kwa matembezi mafupi, mkaenda wote Berlin. Ukishajua tarehe za likizo ya shule niandikie hapa hapa, nitakuonyesha namna ya kutafuta tiketi za bei ya chini kabla hazijaisha.