Usianze na nishati! Mie ilinila suali zima

Ufute huo mstari wako wa kwanza kabla hujaenda mbali. Kwenye hilo suali lako la risasi inayozama kwenye mbao iliyoning'inizwa, umeandika nishati mwendo ya risasi ni sawa na nishati ya mbao ikishapanda. Sivyo, yakhe, sivyo! Hapo hapo ndipo mie nilipozama.

Mtihani wa majaribio, kidato cha nne, Wete. Suali kama hili lako: risasi ya gramu 10, mwendo mita 400 kwa sekunde, inazama kwenye kipande cha mbao cha kilo 1.99 kinachoning'inia kwa uzi. Kitapanda kimo gani? Mie mbio mbio: nusu mara 0.01 mara 400 kipeo cha pili, jouli 800 za nishati. Nikagawa kwa uzito, niutoni 20. Jibu mita 40, nikalipigia mistari miwili kwa raha zangu. Mnazi gani Pemba nzima una mita 40? Na uzi wenyewe wa mita moja!

Aliyenipoteza ni mwalimu wa tuisheni, tena nikimlipa kwa pesa za kuchuma karafuu. Kila siku wimbo mmoja: "Nishati haipotei, linganisha mwanzo na mwisho, umemaliza." Haipotei, kweli, lakini inahama! Risasi ikiingia mbaoni inapasua, inapasha moto, inapiga kelele. Huko ndiko zilikokwenda jouli 796. Za mwendo zimebaki 4. Nne! Hilo hakunambia, na pesa hajarudisha.

Vitu vikigandana, anza na momenta, yaani kilo mara mwendo. 0.01 mara 400 ni 4. Gawa kwa kilo 2 zilizoungana, unapata mita 2 kwa sekunde. Mgongano umekwisha, sasa ndiyo uiite nishati: mwendo 2 kipeo cha pili, gawa kwa 20 (hapa ni 2 mara mvutano wa dunia, 10), mita 0.2. Sentimita 20, basi. Momenta haina pa kutorokea, maana mbao inavyoirudisha risasi nyuma ndivyo risasi inavyoisukuma mbao mbele, nguvu ile ile, muda ule ule.

Kama huamini, gari la mkono likiwa linaserereka, liangushie polo la karafuu kutoka juu. Linapungua mwendo pale pale, na breki hakuna aliyeshika.

Uliuliza na mambo ya mipira inayodunda, sijui na grafu. Hayo baadaye, futa kwanza. Mwenzako hadi leo nikipita barazani naitwa Mita Arobaini.