Makanisa ya Lalibela hayakujengwa kwa mawe
Je, makanisa ya Lalibela, Ethiopia, yalijengwa kwa mawe? Hapana, hayakujengwa kwa mawe ya kupanga, bali yote 11 yalichongwa katika mwamba wa mahali hapohapo, na ndiyo maana ukilifikia lile la Mtakatifu George, lililojitenga na mengine, kwanza unaona paa lenye umbo la msalaba likiwa sawa na ardhi unayoikanyaga, kisha inakubidi ushuke kwa kupitia mfereji ili uufikie mlango. UNESCO iliyaorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1978. Ila hayo si magofu, kama wengi wanavyodhani. Ibada huendelea humo hadi leo, kwa hiyo viatu huvuliwa mlangoni, na wakati wa Krismasi ya Ethiopia, yaani tarehe 7 Januari, mahujaji huujaza mji huo mdogo.