Kutoka ubaunsa hadi ubodigadi: niliyoyaona Nairobi

Kijana aliyeuliza ni baunsa Westlands, anainua chuma kila asubuhi, na anataka kuwa bodigadi wa watu wazito. Anachotaka kujua hasa ni atapataje bunduki. Ndugu yangu, mimi pia nilianzia mlangoni mwa klabu, na huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kazi hii.

Bunduki iweke kando kwanza. Wale unaowaona wakiruka kutoka kwenye magari ya wanasiasa na bastola kiunoni ni polisi. Ukiitaka njia hiyo, ngoja usajili wa polisi utangazwe. Sisi wa kampuni za kibinafsi tunatembea mikono mitupu.

Makaratasi hayana maneno mengi. Sheria ya 2016 inataka mlinzi wa kibinafsi asajiliwe na PSRA, mamlaka ya serikali inayosimamia ulinzi wa kibinafsi. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, utakiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha upigwe alama za vidole. Hapo ndipo mabaunsa wengi hukwama, maana ugomvi wa klabuni ukifika mahakamani haukuachi. Ongeza leseni ya udereva na kozi ya huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu na St John wanafundisha. Kwa miaka yote hii nimefunga vidonda mara tatu. Ngumi sijarusha hata moja.

Sasa nikuambie nilivyoaibika. Mwezi wangu wa kwanza nilimlinda mama mmoja mfanyabiashara. Tukitoka mkutanoni Upper Hill, akanipa mkoba wake, kompyuta, na shada la maua alilokuwa amezawadiwa. Nikapokea vyote, adabu ya nyumbani. Katikati ya magari akachomoka mwanamume mmoja, akamkamata mkono wa koti akidai pesa zake. Na mimi nimesimama pale na maua kifuani kama mpambe wa bibi harusi! Mama alijinasua mwenyewe. Jioni kiongozi wetu, mwanajeshi mstaafu, hakunifokea. Aliniuliza tu, "Maua yalinukia vizuri?" Tangu siku hiyo nikipewa mzigo najibu, "Mama, nikibeba hiki nitakushika na nini?" Wengine hununa, wakizoea wanaelewa.

Kazi yenyewe hufanyika kabla mkubwa hajaamka. Naenda hotelini siku moja mapema: lifti iko wapi, mlango wa jikoni unatokea wapi, hospitali ya karibu ni ipi, na dereva ataegesha akiangalia upande gani. Waiyaki Way ikifunga tunapitia wapi? Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, ni tamu, lakini ukishapanda juu huna pa kuchomokea mpaka kituo kinachofuata, na anayekufuata analijua hilo. Baada ya hapo ni kusimama. Unasimama kwa muda wa saa nne, tano, watu wanakula mbele yako, nawe unaangalia mikono yao. Uso unaweza kukudanganya. Mkono ulioingia mfukoni ukakawia kutoka, huo ndio wa kuutazama.

Mshahara wa kampuni ni mdogo, nisikufiche. Pesa nzuri huja na wageni wa siku chache, wasanii na watu wa mikutano, na hao huletwa na jina lako.

Hiyo klabu yako usiiache bado. Ijumaa, kabla ya zamu, zunguka uhesabu milango ya dharura. Ukipata hata mmoja usiofungwa kwa kufuli, rudi hapa utuambie.