Re: Mitishamba ya Kichina kwa ganzi ya miguu ya mama

Pole na kuuguza, dada. Umeuliza kama dawa za Kichina zinaweza kumwondolea mama ganzi na moto wa nyayo uliotokana na kisukari.

Waganga wa Kichina husema ganzi ya namna hiyo ni damu kukosa nguvu ya kufika miguuni. Mchanganyiko wao maarufu, Huangqi Guizhi Wuwu Tang, umetoka kwa tabibu Zhang Zhongjing wa enzi za Han, karibu miaka 1,800 iliyopita: mizizi ya huangqi, vijiti vya mdalasini, mizizi ya shaoyao, tangawizi mbichi na kunazi. Vitatu kati ya hivyo hata sisi tunavijua!

Je, unafanya kazi? Mwaka 2013 wachambuzi wa Cochrane, shirika la kimataifa linalopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 49 ya mitishamba ya Kichina kwa ganzi ya kisukari, yote ya China, yenye wagonjwa 3,639. Mengi yalidai nafuu, lakini yalifanywa ovyo kiasi kwamba hawakuweza kuthibitisha dawa hata moja. Mimi nisingeacha dawa za hospitali kwa ushahidi huo.

Ninachokiogopa zaidi ni vidonge visivyo na maelezo. Vingine vimewahi kukutwa vimetiwa kisirisiri glibenklamaidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, na sukari ya mgonjwa ikashuka hadi akazimia. Ukivinunua, mwoneshe daktari pakiti.

Na kama mtatumia maji ya dawa ya kuloweka miguu, yapime joto wewe kwanza kwa kiwiko. Mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua.